Chupa Inayotoka Jasho

Siku tuliyowasha mashine yetu kwa mara ya kwanza, harufu ya spiriti ilinikuta uani kabla sijafika mlangoni. Ndani, wenzangu wawili walikuwa wameikodolea macho chupa ya kupokelea, wakingoja matone. Tulikuwa tumemimina lita mbili za spiriti iliyolowekwa majani makavu ya kivumbasi. Baada ya saa nzima, kilichorudi kwenye chupa hakikuzidi kikombe cha chai. Iliyobaki ilikuwa imepita kwenye pampu na kutapakaa chumbani, katika nyumba ya bati, Viwanja Sitini, Ifakara, saa nane mchana mwezi wa Novemba. Jirani yetu alikuwa anachoma mahindi upande wa pili wa ukuta. Nilizima swichi kuu, nikafungua madirisha yote, nikamwomba azime jiko lake. Nilitetemeka mpaka jioni.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Unakausha majani kivulini, unayaloweka kwenye spiriti, unachuja, kisha unaichemsha spiriti taratibu ili iondoke na kukuachia urojo mzito wa kijani wenye kile ulichokitafuta kwenye jani. Spiriti ni ghali, kwa hiyo hutaki ipotee: unaupitisha mvuke wake kwenye koili ya kioo yenye baridi, urudi kuwa kimiminika, uitumie tena wiki ijayo. Sisi tulitaka dondoo la kivumbasi kwa ajili ya mafuta ya kujipaka, tuone kama yatamzuia mbu. Mtu yeyote aliyekulia bonde la Kilombero anajua kwa nini tuliwaza mbu kabla ya kitu kingine chochote.

Wala hatukuwa wa kwanza kuyatazama majani ya huku kwa macho ya maabara. Miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa Ifakara maabara ya taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1964 F. Haerdi alichapisha kwa Kijerumani, katika jarida la Acta Tropica, kazi nene kuhusu mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga ya wakati ule. Miaka ya 1990 wakaja watafiti wengine, wakakaa na waganga, wakachukua mizizi na magome, wakapima dondoo zake dhidi ya vimelea vya malaria. Nilipokuwa nasoma kazi hizo kilichonivutia kilikuwa mimea. Sikujiuliza hata mara moja walipozaje vitu vyao. Swali hilo lilinijia siku ile ya Novemba, na limekuwa nami tangu hapo.

Mzee aliyetuonyesha wapi pa kuchuma alikuwa mganga wa ng'ambo ya mto Kilombero, karibu na Lupiro. Wakati huo daraja lilikuwa bado. Tulivuka kwa kivuko, tukichuma alfajiri na kurudi na magunia ambayo, tukikwama foleni ya kivuko hadi adhuhuri, yalikuwa yamekwisha kujipika yenyewe kwa joto lake. Ukitia mkono katikati ya gunia la majani mabichi lililokaa juani unahisi kama umeutia kwenye uji. "Binti," aliniambia mara ya kwanza, "jani likishapata joto la gunia, umebeba kuni." Tukaanza kuyatandaza kwenye mikeka huko huko kwake, chini ya mwembe, na kuyaleta yakiwa makavu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la kuhifadhi, nalo halikutaka umeme wala shilingi.

Sasa nirudi kwenye mashine. Kosa letu lilikuwa maji. Koili ya kioo tuliiunganisha na bomba la simtanki lililokaa juu ya mnara wa mbao, jua likilipiga kutwa. Kitabu kilisema "maji ya bomba", na aliyekiandika kitabu aliishi mahali ambapo maji ya bomba hutoka na nyuzi 10 au 12. Siku ile nilichovya kipimajoto kwenye yetu: nyuzi 33. Ifakara iko chini, mita 270 hivi juu ya usawa wa bahari, Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande mwingine, na hewa ya bonde hukaa kama ndani ya chungu kilichofunikwa.

Wanaofanya kazi hii wana kanuni ya ishirini-ishirini. Kama beseni la maji moto lina nyuzi 60, mvuke uwe nyuzi 40, na koili nyuzi 20. Ukitaka kuchemsha kwa upole zaidi ili usiunguze harufu ya jani, unashuka: 50, 30, 10. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 katika hewa ya kawaida, lakini ukinyonya hewa kwa pampu unaweza kuichemsha hata kwenye nyuzi 30. Hapo ndipo penye mtego. Tulikuwa tunachemsha kwenye nyuzi 30 na kupoza kwa maji ya nyuzi 33. Mvuke ulikuwa unapita kwenye koili yenye joto kuliko wenyewe. Ungerudije kuwa kimiminika?

Tukanunua mashine ya kupoza maji, ile ambayo mafundi wanaiita chila. Nilisoma karatasi yake kwa uangalifu wote nilioujua wakati ule, yaani nilitafuta namba iliyo chini kuliko zote. Iliandikwa hasi 20. Nikafurahi: koili yangu inataka 10, nami napewa hasi 20, baki kubwa. Ikafika, tukaiwasha, na kweli baada ya saa mbili ikaonyesha hasi 18. Tukaanza kuchemsha. Ndani ya dakika arobaini kioo chake kikasoma 5, kisha 12, kisha 19, na harufu ile ikaanza tena.

Fundi aliyenifungua macho alikuwa amezunguka zahanati za bonde miaka mingi akitengeneza majokofu ya chanjo. Bonde hili linaijua baridi ya chanjo: pale Idete, mapema miaka ya 1990, ndipo ilipojaribiwa kwa watoto chanjo ya malaria iitwayo SPf66, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Chanjo nyingi hutaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 mchana na usiku, na fundi wa vitu hivyo hujifunza kutoamini namba iliyo kwenye tangazo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama chila yangu, akasema: "Dada, hii inafika hasi ishirini kama mtu anavyofika Mahenge mikono mitupu. Mtwishe gunia la mpunga ndipo umuulize atafika saa ngapi."

Akaniomba kalamu. Kila kilo ya spiriti inayogeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli kama 850 hadi 900, na ili irudi kuwa kimiminika lazima mtu alipokee joto hilo lote na kulipeleka mahali pengine. Lita tano zina uzito wa karibu kilo nne. Ukitaka kurudisha lita tano kwa saa, unatakiwa kuondoa takribani kilowati moja muda wote, sawa na pasi ya umeme inayowaka bila kuzimwa. Tukarudi kwenye karatasi. Kilowati moja ilikuwepo, ila ilikuwa imepimwa maji yakiwa nyuzi 20 na chumba kikiwa nyuzi 20. Kadiri unavyoshusha nyuzi za maji, nguvu inapungua. Kwenye hasi 10 ilikuwa imebaki robo. Na kwenye chumba cha nyuzi 35 inapungua tena, kwa sababu kompresa inalazimika kulisukuma joto ndani ya hewa ambayo tayari ina moto. Jedwali hilo lilikuwa ukurasa wa nne. Mimi niliishia ukurasa wa kwanza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mashine ipi anunue, nakataa kujibu mpaka aniambie lita ngapi kwa saa, nyuzi ngapi kwenye koili, na chumba chake kina joto gani saa tisa alasiri ya mwezi wa Novemba. Akishanipa hizo tatu, ninamwomba aongeze nusu juu ya hesabu. Nimeona watu wakiniangalia kama mtu mwenye kuwawekea vikwazo. Nawaelewa. Lakini nimekaa kwenye harufu ile mara mbili, na sitaki mtu mwingine akae humo.

Hatukuwa na fedha za chila kubwa zaidi, kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulipunguza mwendo: lita mbili kwa saa, beseni nyuzi 55, mvuke 35, koili 15, tukianza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza kabla ya saa nne. Pili, tuliitoa chila nje, kwenye baraza ya kaskazini, ndani ya kizimba cha wavu chenye paa la makuti. Ilipokuwa chumbani ilikuwa inarudisha chumbani joto lile lile ililotakiwa kulitoa. Nje ikapata adui mwingine ambaye hakuna kitabu kilichonitajia. Ifakara ni mji wa mashine za kukoboa mpunga, na msimu wa mavuno vumbi la pumba huelea hewani kutwa nzima. Ndani ya wiki tatu mapezi ya kondensa, yale ya kutupa joto nje, yalikuwa yamezibwa kama yaliyovishwa blanketi. Sasa kila Jumamosi tunayapuliza na kuyapiga brashi laini, na mashine ninayoinunua huwa ni ile yenye mapezi ninayoweza kuyafikia bila kufungua skrubu ishirini.

Kuna friza moja la maabara, la mtumba kutoka Marekani, tuliloliuza kama chuma chakavu baada ya miezi mitano. Muuzaji alitupa transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 115 akasema kila kitu kiko sawa. Transfoma hubadilisha volti tu. Umeme wa kwetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde na kompresa ile iliundwa kwa mara 60. Ikawa inazunguka polepole, inapata moto, mpaka ikaungua. Sitasema zaidi.

Habari ndefu ni ya friza jingine, la spiriti, kwa sababu ndilo lililokaribia kutuumiza.

Kwa nini friza kabisa? Kwa sababu jani lina nta na lina kijani, na spiriti ya uvuguvugu huvichukua vyote pamoja na kile unachokitaka. Ukiloweka jani kwenye spiriti iliyopozwa hadi hasi 20 au chini zaidi, kwa dakika chache tu, nta nyingi na kijani kingi hubaki kwenye jani. Au unaloweka kawaida, halafu dondoo lako lililoyeyushwa kwenye spiriti unaliweka kwenye friza usiku mzima; nta hugeuka mawingu meupe na kushuka chini, nawe unalichuja likiwa bado na baridi. Njia zote mbili zinataka friza lenye uwezo wa kubeba madumu ya spiriti. Tukanunua friza la kifua la nyumbani, lile la kuuzia soda na nyama, likashika hasi 22 bila shida. Nililipenda. La kifua ni bora kuliko la kusimama, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hukaa chini kama maji ndani ya beseni; ukifungua mfuniko haimwagiki miguuni.

Masika ya mwaka wa pili umeme ulikatika siku mbili. Siku ya kwanza tuliokoa madumu kwa barafu. Mtaa wa pili kuna mama anayegandisha maji kwenye vifuko kuuzia wavuvi na wauza samaki. Tulinunua vifuko vyake vyote, tukavipondaponda na kuvichanganya na chumvi ya mawe. Mchanganyiko huo ukiwa sawasawa unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na wetu ulifika hasi 15. Siku ya pili mama mwenyewe hakuwa na barafu. Friza likapanda hadi nyuzi 27.

Umeme uliporudi ilikuwa jioni. Nilikwisha kushika plagi. Fundi alikuwa amepita kuchukua koleo lake, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake: "Usichomeke!" Akafungua mfuniko kwa mkono mmoja, uso ameugeuza. Dumu moja lilikuwa na kifuniko kilichopasuka. Harufu ilipanda kama ukuta. Akanionyesha, kwa tochi, kifundo cha thamostati: kilikuwa ndani, pamoja na taa na swichi yake, hatua moja kutoka kwenye madumu. Kila thamostati inapowasha kompresa hutoa cheche ndogo. Mvuke wa spiriti ukifika asilimia 3 na kitu ya hewa, cheche hiyo inatosha.

Jambo ambalo sikulielewa ni kwamba baridi yenyewe ndiyo ilikuwa inatulinda. Spiriti safi huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye nyuzi 13 hivi. Ndani ya friza la hasi 22 ilikuwa imelala. Umeme ulipokatika iliamka, na umeme uliporudi ungeikuta macho. Katika mji ambao karibu hakuna saa ya mwaka inayoshuka chini ya nyuzi 13, friza la nyumbani lenye spiriti ni salama pale tu umeme haujawahi kukatika. Na mtu anayefikiria heksani, ile inayotumika kukamulia pareto, ajue kwamba yenyewe hushika moto hata kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri. Baridi ya friza haimlindi hata dakika moja.

Fundi alihamisha thamostati, relei na waya za taa nje ya sanduku, akabakiza ndani kibomba chembamba cha kipimajoto, akaziba matundu. Sipendekezi kila mtu afanye hivyo. Kuna mafriza yanayotengenezwa kiwandani bila kitu cha kutoa cheche ndani, na mwenye uwezo anunue mojawapo, aliweke mahali penye hewa, mbali na swichi za ukutani, maana mvuke wa spiriti ni mzito na hutambaa sakafuni. Sisi baadaye tulinunua la aina hiyo. Tulipokwenda kulichagua nilikuwa nimejifunza kutazama herufi ndogo kwenye bamba la nyuma. N maana yake limepimwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST ni mpaka 38. T ni mpaka 43. Muuzaji alitusukumia la N kwa sababu lilikuwa na punguzo. Nilimwambia, kaka, hilo ni la nchi ya wengine. Nilibeba la T, dogo kuliko nililolitaka.

Kwa friza nauliza pia litakaa saa ngapi likiwa limezimwa. Majokofu mapya ya chanjo yamejengewa kuta za barafu ndani ili yavumilie saa nyingi bila umeme, na akili hiyo tuliiiba. Friza letu halikai tupu. Nafasi isiyo na spiriti tunaijaza vidumu vya maji ya chumvi ya wastani, vinavyoganda usiku na kuyeyuka polepole umeme ukikatika. Na tunatia spiriti jioni: lita 20 kuzishusha kutoka nyuzi 30 hadi hasi 20 ni kuondoa karibu nusu uniti ya joto, na friza dogo linataka usiku mzima kuifanya kazi hiyo. Anayezitia asubuhi akitegemea kuloweka mchana anajidanganya.

Nimesema haya yote kuhusu spiriti, na sasa lazima niseme kwamba kwa kivumbasi hatuitumii tena. Uamuzi huo ulinichukua miaka mitatu. Nguvu ya kivumbasi iko kwenye harufu yake, na harufu hupanda na mvuke wa maji. Kule Wawi, Pemba, kiwanda hutoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu kwa mvuke, na karafuu haimlilii mtu friza. Mvuke wa maji una nyuzi 100. Kwake maji ya simtanki yenye nyuzi 33 ni baridi tele. Koili ile ile, tangi lile lile lililotushinda siku ya kwanza, likafanya kazi bila chila. Niliona uchungu nikikumbuka fedha tulizotumia. Kabla ya kuuliza mashine ipi ya kupoza, tungeuliza kama jani hili linataka kupozwa.

Spiriti baridi tumeibakizia yale ambayo mvuke hauwezi kuyabeba: mwarobaini, na magome mawili ambayo mzee wa Lupiro aliniomba nisiyataje kwa jina, nami nimemuahidi.

Alikuja mwezi uliopita, safari hii kwa bodaboda juu ya Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha barazani, nikatoa chupa ya gome lake kutoka kwenye friza. Hewa ya Ifakara ilipoigusa, kioo kiligeuka cheupe, kisha matone yakaanza kuteremka mpaka mezani. Alinyoosha mkono kuifungua.

"Subiri mzee," nikamwambia. Ukiifungua ikiwa bado na baridi, unyevunyevu wa bonde utaingia ndani na kugeuka maji, na dondoo litaharibika.

Akauondoa mkono. Nikaleta chai. Tuliitazama chupa ikitoka jasho, yeye akiniulizia mpunga wa mama yangu, mimi nikimuulizia mwembe wake, mpaka kioo kikakauka.